Uji Unaovimba na Mtoto Asiyekua

Mafundisho ya afya kwa wazazi wa Kindu

Wazazi wengi huuliza swali hili: "Mtoto wangu anakula kila siku. Anashiba mpaka anasukuma sahani. Mbona hakui?" Ni swali jema, wala haliulizwi na wazazi wavivu. Huulizwa na mama aliyeamka mapema kuchota maji, akatafuta kuni, akapika, akamlisha mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe.

Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya sufuria. Ukijua mambo yanayotokea pale unga, maji na moto vinapokutana, utajua namna tumbo linavyoweza kujaa na mwili ukabaki na njaa. Tena utajua la kufanya, nalo si la gharama kubwa.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kongo katika miaka ya 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa kwa umri wao. Ufupi wa namna hiyo si urithi wa ukoo tu. Mara nyingi ni alama ya chakula kisichotosha na magonjwa yanayorudi rudi katika miaka miwili ya kwanza ya maisha.

Jaribu jambo hili nyumbani

Chukua vikombe viwili vya maji, kimoja cha maji baridi na kimoja cha maji yaliyo motoni katika sufuria ndogo. Tia kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika kila kimoja, ukakoroge.

Katika maji baridi utaona weupe kama maziwa. Ukiacha kikombe kitulie, unga utashuka chini na maji yatabaki juu. Unga haukuyashika maji. Lakini katika sufuria, maji yakipata moto vizuri, mwiko wako utaanza kuwa mzito. Ule weupe utapungua, uji utang'aa kidogo na kushikamana. Sasa maji hayaonekani tena. Yamekwenda wapi? Hayakupotea. Yameingia ndani ya unga.

Sasa ondoa uji ule motoni, uuache mpaka asubuhi. Utaukuta umekaza, na pembeni au juu yake utaona maji kidogo yametoka. Kila mama anajua kwamba bugali ya jana ni ngumu kuliko ya leo. Basi umeona mambo mawili: joto huufanya unga uvimbe kwa maji, na baridi huufanya ukaze na kuyatema maji.

Wanga ni nini?

Sehemu kubwa ya unga wa muhogo, mahindi na mchele ni wanga. Wanga umo katika unga kama chembe ndogo sana. Chembe za wanga wa muhogo ni ndogo hata ukipanga kama 60 katika mstari, mstari huo utafika urefu wa karibu milimita 1 tu.

Ndani ya kila chembe mna minyororo mirefu. Kila pete ya mnyororo ni sukari ndogo iitwayo glukosi, na mnyororo mmoja huwa na pete mamia, au maelfu, au hata zaidi. Wataalamu huita kitu cha namna hii polima, yaani kitu kikubwa kilichofanywa kwa kuunganisha vipande vidogo vingi vinavyofanana. Wanga ni polima. Pamba ya nguo yako ni polima. Mpira uliochujwa katika misitu ya Kongo zamani ni polima vilevile.

Katika unga mkavu minyororo hii imefungamana kwa nguvu, mmoja juu ya mwingine, kama kuni zilizofungwa kwa kamba. Maji baridi hugusa nje tu, hayawezi kupenya. Lakini moto hutikisa minyororo. Kwa wanga wa muhogo, maji yakifika joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, kamba hulegea. Maji huingia katikati ya minyororo, chembe huvimba, na nyingine hupasuka na kumwaga minyororo yake nje. Wanga wa mahindi na wa mchele hufanya vivyo hivyo, mara nyingi kwa joto la juu kidogo. Wanga wa muhogo huvimba kuliko hiyo miwili. Hunywa maji mengi mno kuliko uzito wake mwenyewe.

Uji ukipoa, minyororo huanza kutafutana tena. Hukaribiana, hushikana, na kuyasukuma nje maji yaliyokuwa katikati. Ndiyo sababu bugali ya jana hukaza.

Je, kuvimba huko ni kubaya? Hapana, kunafaa sana. Tumbo la mtu haliwezi kuvunja vizuri wanga mbichi. Minyororo ikiisha kufunguliwa na maji ya moto, mate na maji ya utumbo huweza kuikata pete kwa pete mpaka mwili upate sukari yake. Kwa hiyo uji wa mtoto lazima uive sawasawa. Shida inatoka mahali pengine, nasi tutaifikia.

Kuna polima nyingine zinazotii joto

Labda utauliza: je, ni wanga peke yake unaosikia joto namna hii? Sivyo. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Heskins na Guillet, walichapisha uchunguzi wao juu ya polima moja iliyotengenezwa na watu, yenye jina refu: poli-N-isopropilakrilamidi. Hii ni kinyume cha wanga. Katika maji ya baridi hujinyoosha na kuyakumbatia maji. Ukiyapasha moto maji yale yapite nyuzi 32 hivi, huyaachilia maji na kujikunja yenyewe. Ukipoza, hujinyoosha tena. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, mtaalamu Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alieleza namna jeli ya polima nyingine inavyoweza kusinyaa au kuvimba kwa ghafula pale joto au maji yake yanapobadilika kidogo tu.

Faida yake ni nini kwa mgonjwa? Fikiri kwamba mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 hivi, na polima ile hubadilika kwa nyuzi 32. Basi huko Japani waganga walipaka polima hiyo katika sahani za kukuzia chembe hai za mwili. Kwa joto la nyuzi 37 polima husinyaa, na chembe hushikamana na sahani na kukua. Sahani ikipozwa, polima huvimba kwa maji, na chembe hujiachia zote pamoja kama kitambaa chembamba, bila kukatwa kwa kisu wala kuchomwa kwa dawa. Mwaka 2004 waganga wa Japani walitangaza kwamba walichukua chembe kutoka ndani ya kinywa cha wagonjwa 4 wenye macho yaliyoharibika, wakazikuza hivyo, wakaweka vitambaa vile juu ya macho yao. Wote wanne waliona vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Usidhani sayansi hii iko mbali nawe. Tofauti ni kwamba polima yao husinyaa kwa joto, na ya kwako huvimba kwa joto. Katika zote mbili, jambo kuu ni hili: mnyororo unashika maji kiasi gani? Mganga yule ilimpasa kulijua jambo hilo ili aokoe jicho. Mama wa Kindu yampasa kulijua ili akuze mtoto.

Tumbo la mtoto ni dogo

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Tumbo la mtoto mdogo huweza kupokea chakula cha karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 basi anaweza kupokea mililita 240 hivi kwa mara moja, yaani bakuli moja dogo. Akishiba hapo, ameshiba. Huwezi kumwongeza.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kilokalori. Gramu 100 za unga mkavu zina kilokalori 350 hivi. Maji hayana nguvu hata kidogo. Kwa hiyo nguvu ya bakuli lile inategemea ni unga kiasi gani umo ndani yake, wala si jinsi uji unavyoonekana.

Hapa wanga unatudanganya. Kwa sababu unavimba sana, unga kidogo tu hufanya uji uonekane mzito. Mama akitia unga mwingi, uji unakuwa bugali, na mtoto mchanga hawezi kuimeza. Basi mama anaongeza maji mpaka uji uwe wa kunyweka. Anafanya kwa upendo. Lakini uji wa kunyweka vizuri mara nyingi huwa na gramu 5 tu za unga katika gramu 100 za uji.

Hesabu pamoja nami. Bakuli la gramu 240 za uji huo lina gramu 12 za unga, karibu kijiko kimoja na nusu cha supu. Nguvu yake ni kilokalori 42. Mtoto akila mabakuli matatu kwa siku, amepata 126.

Je, anahitaji ngapi? Shirika la Afya la Ulimwengu limeonyesha kwamba mtoto anyonyaye kama kawaida anahitaji kupata katika chakula, mbali na maziwa ya mama, kiasi hiki kwa siku:

Miezi 6 hadi 8: kilokalori 200 hivi.
Miezi 9 hadi 11: kilokalori 300 hivi.
Miezi 12 hadi 23: kilokalori 550 hivi.

Waona basi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekula mabakuli matatu ya uji ule mwepesi hapati hata robo ya nguvu aliyoihitaji. Lakini ameshiba. Halii. Mama anafikiri mambo ni mema. Kumbe amejazwa maji yaliyofungwa ndani ya wanga.

Mtoto naye huvimba

Kuna jambo jingine la huzuni. Mtoto akiishi siku nyingi kwa chakula kibaya, mwili wake nao huweza kushika maji. Miguu huvimba, uso hujaa, nywele huwa nyepesi na nyekundu, ngozi hubanduka, naye hana furaha, hataki kucheza. Majirani husema, "Mtoto huyu amenona." La, hakunona. Ni mgonjwa sana.

Ugonjwa huu unaitwa kwashiorkor. Mganga mwanamke, Cicely Williams, aliuandika mwaka 1933 alipofanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina hilo, alilolisikia kwa Waga wa huko. Ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Akina mama wa huko walikuwa wamekwisha kuona wakati ambapo hatari huanza: ziwa likiondoka, na uji peke yake ukichukua nafasi yake. Maana muhogo hauna ukosefu wa nguvu tu ukiwa uji mwepesi. Katika gramu 100 za unga wake mna gramu 1 au 2 tu za protini, chakula kinachojenga mwili. Karanga za uzito huo zina karibu gramu 25.

Pima hivi. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu wa mtoto, ukihesabu mpaka tatu polepole. Ondoa kidole. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Kama shimo linabaki katika miguu yote miwili, usingoje siku ya soko wala usijaribu dawa za nyumbani. Mpeleke hospitalini siku ileile.

Kimea: namna ya kuukata mnyororo

Sasa tufanye nini? Mtoto hawezi kumeza bugali, na uji mwepesi haumtoshi. Iko njia ya kupata uji wenye unga mwingi lakini unaonyweka. Nayo ni kimea.

Umewahi kuona jambo hili: mtoto ameacha nusu ya uji, kijiko kimeingia kinywani na kurudi bakulini mara nyingi, na baada ya muda uji umekuwa maji maji. Ni mate yaliyofanya hivyo. Katika mate mna kitu kinachokata minyororo ya wanga vipande vipande. Vipande vifupi haviwezi kushika maji mengi kama mnyororo mrefu, basi uji unalegea. Lakini chakula hakikupungua. Sukari zote bado zimo.

Mbegu ya nafaka inayoota hufanya kitu cha namna hiyohiyo ndani yake, kwa maana nayo inataka kula wanga wake ili ichipuke. Bibi zetu walijua kutumia mbegu zilizoota katika kutengeneza pombe. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg, waliofanya uchunguzi wao Tanzania, walionyesha kwamba unga wa nafaka iliyoota hulegeza uji wa watoto, hata mama anaweza kutia unga mwingi zaidi katika bakuli lilelile.

Kutengeneza kimea, fanya hivi:

1. Chagua mahindi mazima au ulezi, usiooza wala kutobolewa. Ulezi una nguvu zaidi, lakini mahindi yanafaa. Usitumie mtama, kwa kuwa chipukizi la mtama lina sumu.

2. Osha, loweka katika maji safi usiku mmoja, kisha mwaga maji.

3. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu au kwa majani ya ndizi yaliyooshwa. Nyunyizia maji safi kila siku. Baada ya siku 2 au 3 utaona chipukizi.

4. Anika juani mpaka zikauke kabisa. Zikionyesha ukungu, zitupe zote. Usihurumie.

5. Sugua ili chipukizi na mizizi vitoke. Twanga, chekecha, weka unga katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Kuutumia, fanya hivi:

1. Pika uji mzito kama bugali laini: vijiko 6 vya supu vya unga kwa bakuli moja la mtoto. Uive vizuri.

2. Ondoa motoni. Ngoja upoe kidogo, uwe wa vuguvugu kali. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukitia kimea katika uji unaochemka, moto utaiua ile nguvu ya kukata, na uji hautalegea.

3. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Ngoja dakika 10. Utaona uji unalegea mbele ya macho yako.

4. Rudisha motoni uchemke kidogo tena. Hii ni kwa ajili ya usafi, maana kimea hakikupikwa. Usiogope, hautakuwa mzito tena kama mwanzo, kwa sababu minyororo imekwisha kukatwa.

Sasa bakuli lilelile la gramu 240 lina gramu 48 hivi za unga badala ya 12. Nguvu yake ni karibu kilokalori 168 badala ya 42. Tumbo ni lilelile, sufuria ni ileile, kuni ni zilezile.

Onyo moja juu ya muhogo. Kimea hulegeza uji tu, hakiondoi sumu ya muhogo mchungu. Muhogo mchungu lazima ulowekwe siku zake zote, umenywe, na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa. Usifupishe siku hizo hata kama njaa inabisha mlangoni.

Tia chakula kingine ndani yake

Kimea peke yake hakitoshi. Kinafungua nafasi katika bakuli, nawe ujaze nafasi hiyo kwa vyakula vinavyojenga. Maniema haikunyimwa. Mpunga, ulioenea huku katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waungwana wa Nyangwe na Kasongo, unalimwa mahali pengi. Michikichi inazaa. Lualaba inapita mbele ya mji ikiwa na samaki wake. Basi tumia hivi:

Mawese: kijiko kimoja cha chai katika bakuli huongeza kilokalori 40 hivi. Mafuta hayavimbi kwa maji, kwa hiyo yanaleta nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Tena wekundu wake humsaidia mwili kupata vitamini A, inayolinda macho. Usiyachemshe mpaka yawe meupe, kwa maana wekundu ule ndio unaopotea.

Karanga: kaanga, twanga mpaka ziwe laini kabisa, tia kijiko kimoja cha supu. Huongeza karibu kilokalori 90 pamoja na protini. Karanga zenye ukungu usizitumie. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, zaweza kumsakama.

Samaki: ndakala au samaki mwingine mkavu, atwangwe kuwa unga na kuchekechwa ili miiba isibaki. Yai lililoiva pia ni jema.

Sombe: ipondwe laini, ipikwe sana, impe mtoto kidogo pamoja na mawese.

Bakuli lenye kimea, mawese na karanga lina zaidi ya kilokalori 250. Lilinganishe na zile 42 za mwanzo.

Ni kanuni hiyohiyo iliyowaongoza Wafaransa André Briend na Michel Lescanne walipotengeneza Plumpy'Nut mwaka 1996, ile dawa-chakula ya karanga, maziwa, mafuta na sukari inayopewa watoto waliokonda sana. Haina maji, haipikwi, haivimbi. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Kwa kuwa haina maji, vijidudu havioti ndani yake kwa urahisi. Lakini hiyo ni dawa ya mgonjwa. Asigawiwe mtoto mzima, wala isiuzwe sokoni.

Mara ngapi kwa siku?

Kabla ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Usimpe uji, wala maji. Tangu miezi 6 hadi 8, mlishe mara 2 au 3 kwa siku. Tangu miezi 9 hadi 23, mara 3 au 4, na katikati umpe kitu kidogo kama ndizi au parachichi. Ziwa liendelee mpaka miaka 2 au kupita. Mimba ikija mapema, usikate ziwa kwa siku moja. Uliza muuguzi.

Mtoto awe na sahani yake mwenyewe. Akila pamoja na wakubwa katika sahani moja, mkono wake ni mdogo na wao ni wepesi. Hutajua alikula kiasi gani.

Uji uliobaki usiuweke mpaka kesho. Umeona kwamba ukipoa unatema maji. Basi fahamu kwamba katika maji hayo, kwa joto la Kindu, vijidudu huzaana upesi. Pika kidogo, mara nyingi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha.

Na wewe baba, usiseme haya ni mambo ya wanawake. Karanga, samaki na mawese hununuliwa kwa fedha, na mara nyingi fedha iko mfukoni mwako. Kabla hujanunua kitu kingine siku ya mshahara, uliza: bakuli la mtoto lina nini ndani yake?

Mlete mtoto apimwe

Mlete mtoto kwenye kituo cha afya kila mwezi apimwe uzito, hata kama haumwi. Watampima mkono wa juu pia kwa utepe wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono ulio chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu, yaani hatari kubwa. Kati ya 115 na 125 ni rangi ya njano, yaani anaanza kuanguka. Juu ya hapo ni kijani. Mtoto wa njano akisaidiwa upesi huenda asifike nyekundu.

Maswali ya kujibu pamoja nyumbani

1. Kwa nini uji huwa mzito ukipata moto, na kukaza ukipoa?
2. Je, uzito wa uji unaonyesha kwamba una chakula kingi? Eleza.
3. Kwa nini kimea kisitiwe katika uji unaochemka?
4. Mtoto wa jirani amevimba miguu yote miwili. Watu wanasema amenona. Utawaambia nini, na utafanya nini leo?
5. Taja vitu vitatu utakavyotia katika bakuli la mtoto wako wiki hii, na mahali utakapovipata.